Ukikosa Sauti, Piga Namba Hii

Mume wangu alikuwa fundi mitambo wa kanisa letu hapa Gisenyi kwa miaka kumi na mmoja, na alipokufa hakuna mtu aliyejua hata neno moja la siri.

Alianguka Ijumaa asubuhi akifunga kamba za viatu. Ilikuwa presha. Jumamosi mchana daktari aliniita kwenye korido akaniambia, nami nikasikia kila neno alilosema. Nikamwuliza kama nitapewa viatu vyake au vinabaki hospitali. Aliniangalia kidogo, akamwita muuguzi aje anikalishe kwenye benchi.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, pasta alinivuta pembeni. Ni mtu mpole, hajazoea kuomba vitu. Ibada ilikuwa irushwe mtandaoni, maana waumini wetu wengi wanaishi Goma, na siku ile wengi wao wasingeweza kuvuka mpaka.

"Dada yetu, samahani sana," alisema akitazama chini. "Ile simu yake. Mambo yote ya kanisa iko mule ndani, mot de passe zote, maneno ya siri. Na inafunguka na kidole."

Nilielewa anachoniomba kabla hajamaliza. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikarudi chumbani, nikamshika mume wangu kidole gumba nikakiweka juu ya kioo. Kidole kilikuwa baridi. Simu ikatetema, ikaandika: jaribu tena. Nikakipangusa kwa ncha ya kitenge changu, nikajaribu tena. Mara ya tano ikaomba namba ya siri. Nikaurudisha mkono wake pale ulipokuwa, nikanyoosha mkono wa shati, nikatoka.

"Imekataa," nilimwambia pasta.

Alifunika uso kwa kiganja. Tangu siku hiyo, kila tulipokutana, aliniangalia kama mtu anayetaka kusema jambo, na hakulisema. Sikuwa na hasira naye. Nilijitafuta nikakuta hasira haimo, na huzuni pia haimo. Kulikuwa na kitu kama pamba masikioni, tena si masikioni tu, mwili mzima.

Kumbe kompyuta ya kanisa haikuhitaji neno la siri. Mume wangu aliiacha imefunguka, chaneli ya kanisa imo, barua pepe ya kanisa imo. Mradi hakuna aliyezifunga akaunti hizo, kila kitu kilikwenda. Jumapili ya pili baada ya mazishi watu walikaa, kwaya ikasimama, na hakuna aliyepanda kwenye chumba cha mitambo. Kile chumba kiko juu ya viti vya nyuma, unapanda kwa ngazi ya mbao. Nilikuwa nampelekea chai huko miaka yote, nikakaa naye mpaka ibada iishe, kwa hiyo nilijua kitufe gani kinabonyezwa kwanza. Nilimwona pasta akigeuka kuangalia juu. Nikainuka nikapanda.

Kila waya ulikuwa na kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa mkono wake: mimbari, kwaya kushoto, kinanda, huu usiguswe. Nikawasha kwa mpangilio ule niliouona mara mia. Picha ikaja. Nikakaa kwenye kiti chake. Watu walisema nina nguvu ya ajabu, kwamba Mungu ananibeba. Mimi nilikuwa nabonyeza vitufe tu.

Basi nikawa fundi. Ibada ya kwanza ni ya Kinyarwanda, ya pili ni ya Kiswahili, na hiyo ndiyo inayofuatwa na watu wa ng'ambo. Mimi nilizaliwa Tanzania wazazi wangu walipokuwa wakimbizi, tukarudi nikiwa msichana mkubwa, kwa hiyo hata matangazo ya ibada ya pili nilikuwa naandika mimi. Jumatatu hadi Ijumaa nilishona nguo nyumbani kama zamani. Binti yetu alikuwa shule ya bweni Nyundo. Akija likizo alikuta nyumba imefagiwa, chakula kipo, na mama anayejibu kila swali. Siku moja aliniuliza, "Mama, unanisikia?" Nikamwambia ndiyo, nakusikia. Na kweli nilimsikia.

Simu ya marehemu niliiweka kwenye droo ya cherehani. Mwanzoni niliichaji. Baadaye niliacha, sikumbuki lini.

Karibu mwaka ulikuwa umepita nilipoletewa ujumbe kwenye barua pepe ya kanisa. Ulitoka kwa watu waliosema wanauza vyombo vya muziki na wangependa kulipatia kanisa letu spika mbili kama zawadi, ili tuwatangaze. Walikuwa wamepachika faili la makubaliano. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Mume wangu alikuwa mtu wa kusema chakulani, na wali mdomoni, kwamba faili la mtu usiyemjua halifunguliwi. Nilikuwa nimemsikia mara nyingi kiasi kwamba maneno yale yalikuwa kama kelele ya friji. Nikalifungua. Likatokea dirisha jeusi, likapotea. Nikadhani limekataa. Nikafunga kompyuta, nikashuka kwenda kununua vifungo.

Alasiri ya siku ya tatu nilipigiwa na rafiki wa mume wangu, fundi wa kompyuta mwenye duka karibu na msikiti. Yeye ndiye anayeangalia spika na kompyuta za msikiti. Walikuwa wanaazimana waya mmoja mrefu, Ijumaa uko msikitini, Jumapili uko kanisani, na mpaka leo sijui ni mali ya nani.

"Shemeji," alisema, "umeangalia chaneli yenu leo?"

"Sijaangalia."

"Usiangalie peke yako. Kuja dukani, leta na kompyuta."

Kwenye kioo chake jina la kanisa letu halikuwepo tena. Palikuwa na herufi za Kiingereza, na mzungu mwenye koti akieleza namna ya kutajirika kwa sarafu za mtandaoni. Ibada zetu zote, harusi, ubatizo wa ziwani, makongamano ya wamama, hazikuonekana. Watu walikuwa wameanza kuandika chini yake. Mama mmoja wa Goma aliandika: "Pasta, hii ni mahubiri gani?"

Nilimweleza fundi kuhusu lile faili. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akakaa akiikabili kompyuta yangu kama daktari.

"Neno la siri hawakulihitaji," alisema. "Kompyuta yenu ilikuwa imeshapewa ruhusa ya kuingia. Lile faili liliiba ile ruhusa. Lakini bila neno la siri hawawezi kubadilisha namba ya simu ya mwenye akaunti. Hapo ndipo tutawakamatia."

Alikaa siku mbili akisafisha kompyuta. Kisha tukajaribu kurudisha akaunti, na kioo kikasema namba ya tarakimu sita itatumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Zikaonekana tarakimu mbili za mwisho. Nilizijua. Nilikuwa nazipiga kila siku kumwuliza anakula nini.

Nikaenda nyumbani, nikaitoa simu kwenye droo, nikatoa laini yake nikaiweka kwenye simu yangu. Ilikuwa imekufa. Kwenye ofisi ya kampuni ya simu binti wa kaunta alibonyeza bonyeza, akaniambia bila kunitazama:

"Haikutumika siku nyingi, mama. Ilifungwa, ikauzwa tena. Iko na mtu mwingine."

"Nani?"

"Hatuwezi kukwambia."

Nikatoka nje nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Jina la mume wangu bado lilikuwa kwenye simu yangu kama nilivyoliandika tulipooana. Nikalibonyeza. Ikaita. Mwanamke akapokea, nyuma yake watu wanapiga kelele na kitu kizito kinatupwa chini.

"Allô?"

Nikamweleza. Namba hii ilikuwa ya mume wangu, amefariki, kuna ujumbe wa tarakimu sita utakaoingia kwako, tafadhali nisomee. Nikisema hivyo nikajisikia. Nilikuwa nasema maneno yaleyale ambayo mume wangu aliniandikia kwenye karatasi nikayasome kwenye mkutano wa wamama: mtu akikupigia akisema ndugu yake amekufa, anaomba namba iliyoingia kwenye simu yako, huyo ni mwizi.

"Mama," akajibu, "mi sikupe kitu. Tena unaongea Kiswahili ya redio. Wezi wote ndiyo wanaongea hivyo."

Akakata. Nilipiga tena, akakata. Nilimwambia fundi, akacheka mpaka akafuta macho, cheko la kwanza nililolisikia kwake tangu mazishi. "Amefanya sawasawa," alisema. "Ungepata mtu kama huyo kanisani kwenu tusingekuwa hapa."

Kesho yake nilipiga mara ya tatu, nikasema haraka kabla hajakata: "Usinipe kwa simu. Niambie uko wapi, nije unione."

Hakukata. "Niko Kanzenze. Kuja. Ukiwa mwizi tutakuona."

Nilikwenda Jumanne asubuhi, kompyuta kwenye mkoba wa mgongoni, kitambulisho na cheti cha kifo kwenye bahasha. Nilishuka basi kwenye barabara kuu, nikachukua pikipiki mpaka ghala la viazi alilonielekeza. Huko juu kuna baridi, udongo mweusi, na kuta za mawe ya volkano kati ya mashamba. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, amevaa buti za plastiki na koti la mwanamume, anahesabu magunia. Alikuwa anauzia wafanyabiashara wa Goma, ndiyo maana alijua Kiswahili. Wanaume wawili waliokuwa wanapakia waliacha kazi wakanitazama.

"Ni wewe ya redio?"

"Ni mimi."

Akachukua kitambulisho changu, akakisoma pande zote mbili. Akasoma cheti. Kisha akasema, "Nionyeshe sura yake." Nikamwonyesha picha kwenye simu. Sikuwa nimeifungua muda mrefu. Mume wangu amesimama juu ya ngazi, waya shingoni, anakunja uso kwa sababu ya jua.

"Kumbe ndiye huyu," alisema taratibu. "Kumbe alikufa."

Akakaa juu ya gunia. Nikakaa juu ya gunia la pili kwa kuwa aliligonga kwa kiganja.

"Unajua mi kila Jumapili napata shida na huyu bwana?" alianza. "Tangu ninunue hii laini. Saa nne, saa tano, simu inaita. Mutu wa Goma. 'Papa, sauti haisikiki.' Mi nawaambia sauti gani? Siku ya pili, mwingine. 'Papa, picha imekwama.' Mi niko kanisani kwetu, simu inatetema tu kwenye sakoshi begani. Donc basi nikauliza mutu moja, namba hii umeitoa wapi? Akasema iko kwenye televisheni ya kanisa yenu, chini."

Nilijua mara moja. Mume wangu alikuwa ameweka mstari mdogo wa maandishi chini ya picha, unaokaa pale muda wote wa ibada: Ukikosa sauti, piga namba hii. Nilikuwa nauona kila Jumapili. Mwanzoni sikujua unaondolewaje, baadaye nikaacha kuuona, kama usivyouona ukuta wa nyumbani. Mwaka karibu mzima nilikuwa narusha namba ya marehemu kwa watu wote wa Goma, nikawaambia wampigie.

"Nisamehe," nilisema. "Ni mimi niliyeacha pale."

"Siyo mbaya." Alijikuna mkono. "Nilizoea. Mwisho nilikuwa nawaambia, toka, halafu uingie tena. Wengine wanarudi kupiga, wanasema asante mama, imekubali." Wale wanaume wakacheka, naye akatabasamu kidogo. "Na kuna muzee moja. Yeye sauti yake haina shida. Anapiga tu, anauliza papa hajambo, mbona hapokei yeye siku hizi. Mi namwambia amesafiri. Sikujua. Nilisema tu, ili asisumbuke."

Nilitazama mawe ya ukuta. Nikangoja kitu kije. Nilijua hapa ndipo mtu hulia, na wale watatu walikuwa wameshusha macho wakinipa nafasi. Hakikuja. Nilisikia baridi kwenye vidole vya miguu, nikasikia harufu ya viazi. Nikafungua kompyuta juu ya magoti.

Mtandao wa simu yangu ulikuwa hafifu. Tulisogea mpaka kwenye kona ya ghala, yeye ameshika simu yake, mimi nimebeba kompyuta wazi kama sinia. Nikabonyeza. Simu yake ikalia. Alivaa miwani, akaanza kusoma tarakimu moja moja kwa Kifaransa, lakini ukurasa wangu ulichelewa, na nilipoingiza ya sita kioo kikasema muda umepita. Tukarudia. Safari hii nilimwomba anishikie simu mbele ya macho nisome mwenyewe.

"Sasa hii ndiyo walisema tusifanye," alisema.

"Ndiyo. Usifanye tena kwa mtu mwingine yeyote."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Ikafunguka. Niliweka neno la siri jipya, refu, nikawatoa wote waliokuwa ndani, kama fundi alivyoniandikia kwenye karatasi, hatua kwa hatua. Kisha nikaondoa namba ya mume wangu kwenye akaunti. Kompyuta iliuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Mwanamke yule alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Aliniuliza yule mzee wa Goma akipiga Jumapili amwambie nini. Nikamwambia amwambie ukweli. Akafikiri. "Basi nitamwambia polepole," alisema. Alinipa vitunguu kwenye mfuko, hakukubali nivikatae.

Fundi alifanya kazi ya wiki mbili kupata vilivyopotea. Jina la kanisa lilirudi. Ibada za miaka ya nyuma zilirudi nyingi, kwa sababu wezi walikuwa wamezificha tu. Zile za mwaka huo wa mwisho walizifuta kabisa, na mojawapo ilikuwa ibada ya mazishi, iliyorekodiwa siku ile kwa simu ya mwanakwaya na baadaye ikawekwa kwenye chaneli. Fundi alinipa habari hiyo akisimama, mkono kifuani. Sikuwa nimewahi kuitazama. Nilikuwa naiweka mpaka siku nitakayoweza. Nikamwuliza kama ubatizo wa ziwani upo. Akasema upo.

Jumapili iliyofuata nilimwomba pasta dakika tano. Nilishuka kutoka juu, nikasimama mbele na kusema kwamba chaneli haikuibwa na shetani, kama wengine walivyokuwa wanasema. Iliibwa kwa sababu nilifungua faili la watu nisiowajua, na kwa sababu kanisa zima lilikuwa limewekwa ndani ya simu ya mtu mmoja. Mama mmoja akaanza kuimba ili kunisaidia, nikamwomba angoje, bado sijamaliza. Nikasema nataka watu wawili wajifunze pamoja nami, na kwamba maneno ya siri yataandikwa, yatafungwa kwenye bahasha mbili, moja kwa pasta, moja kwenye sanduku la chuma la kanisa.

Baada ya ibada pasta alinifuata nje, karibu na mlango. Safari hii alisema.

"Siku ile sikupaswa kukuomba ile kitu. Ya kidole."

"Mlihitaji," nilimwambia.

"Hata hivyo."

Tulisimama. Watu walikuwa wanapita wakitusalimia. Nilimwambia kwamba ningeweza kukataa na sikukataa, na kwamba ile ndiyo mara ya mwisho nilipomshika mkono, kwa hiyo labda si vibaya. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Wawili waliojitokeza ni msichana wa kwaya mwenye vidole vyepesi, na mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Mwalimu ndiye mgumu. Haandiki kitu asichokielewa. Jumamosi alasiri tunapanda watatu, tunafungua dirisha linalotazama ziwa ili hewa iingie, na ananifanya nieleze kila kitufe upya. Wiki iliyopita aliuliza kwa nini waya mmoja umeandikwa usiguswe. Nikasema sijui, hajawahi kuniambia.

"Tuuguse tuone," alisema mwalimu.

Msichana alinitazama mimi. Nikasema sawa. Mwalimu akauchomoa, tukasikiliza. Ngurumo ndogo ikaanza kwenye spika za kushoto. Akaurudisha, ngurumo ikaisha. Akavuta daftari lake, akaandika sababu.